Nakaa Stesheni ila treni siioni

Jamani hivi mtu ukikaa sehemu inaitwa Stesheni una haki ya kupanda treni au huna? Maana mi nakaa Stesheni, huku kijijini upande wa Muheza, ukimwambia boda "nipeleke Stesheni" haulizwi swali la pili, unapelekwa, na unaongezwa jero juu eti stesheni iko mbali na lami. Lakini treni ya kubeba watu hamna. Ya mzigo, ile ya simenti, ndo inapita, tena inapita ikijisikia, na ikijisikia ujue ni saa nane usiku, honi mpaka mtoto analia, mbuzi wanalia, na mi niko njiani.

Halafu siyo stesheni ya juzi hii. Reli ya kwanza kwa Mjerumani nchi hii yote ilianzia Tanga, wakaanza kuchimba 1893, Muheza wakafika 1896. Miaka mitatu, kilomita kama 40! Mi nilikuwa nawacheka mpaka nikakumbuka choo changu kina mwaka wa nne. Na wao ilikuwa hivyohivyo, kampuni ikaishiwa hela, serikali yao ikabidi iichukue reli 1899, Korogwe wakaingia 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kwa hiyo wanaonisema kuhusu choo wakae kwa kutulia, ujenzi una historia yake.

Wazee wa kijiweni wanasimulia enzi zao treni ikisimama watoto wanakimbilia madirishani na machungwa na mayai ya kuchemsha, mtu anakula yai anakupa hela treni ishaanza kutembea, anadai chenji, we unakimbia... yaani wao ndo walikuwa wanadaiwa chenji wanakimbia! Babu mmoja akifika hapo anacheka mpaka kofia inadondoka. Saivi huduma za stesheni ni hizi, kwenye baraza la abiria tunaanika mihogo, kwenye kivuli tunacheza bao, na pale mwisho kabisa ndo penye mtandao, ukitaka kutuma hela kwa simu unasimama pale na mkono juu kama unaisimamisha treni.

Sasa wiki iliyopita mama mkwe kasema anakuja kutoka Dar. Nikajua basi. Atashuka Muheza, boda atamleta, basi usiku nikatoka na tochi nikamsubiri hapo stesheni ili anione mkwe mwenye adabu. Simu ikaita.

"Mwanangu, nishafika stesheni, uko wapi?"

"Shikamoo mama. Na mi niko stesheni hapa, mbona sikuoni?"

"Marahaba. Nimesimama hapa chini ya taa."

Taa! Moyo ukafanya paa. Kwetu stesheni taa ilitoka wapi?

Kumbe mama kapanda treni. Treni ya Dar ilirudi kubeba abiria mwishoni mwa 2019 mpaka Moshi, 2020 ikafika Arusha, yeye kasikia mkwe wake anakaa Stesheni, kasikia inapita mkoa wa Tanga, kamaliza hesabu. Asichokijua ni hii reli ya Ruvu, ya kutoka upande wa Dar, iliyojengwa 1963, inakuja kukutana na yetu pale Mnyusi, sawa, ila ikishafika Mnyusi inatupa mgongo inashika ya Korogwe. Mtu anakuja mpaka mlangoni kwako halafu anakata kona! Mama mkwe yuko Korogwe usiku na begi mbili, galoni la mafuta ya kula na jogoo.

Na uchungu wangu uko hapa. Novemba 1914 Waingereza wameshuka Tanga, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kawaleta askari wake kutoka huko juu kwa reli hii hii, wakapita hapa hapa nyumbani kwangu, wakawahi, Waingereza wakatimuliwa na nyuki juu. Askari wamewahi vita. Mama mkwe wangu na jogoo hawawezi kuwahi chai ya asubuhi!

Kalala stesheni ya Korogwe anang'atwa na mbu, asubuhi kapanda basi, akashuka Muheza, boda kamwambia Stesheni ni elfu nne kwa sababu ya galoni. Kafika hanisemeshi. Jogoo ndo kanisemesha.

Nikasema zitapoa. Juzi kavaa kitenge kizuri, kachukua begi moja, kaenda kukaa barazani kwenye mihogo, mke wangu anamuuliza mama unaenda wapi, anasema nasubiri usafiri, si mlisema hapa ni stesheni. Mpaka magharibi. Jana tena. Wacheza bao wameshamzoea, wanamwamkia, mmoja kamletea kahawa.

Leo asubuhi kaniita, mara ya kwanza tangu aje, nikakimbia nikajua kanisamehe. Kaniuliza ile ya simenti huwa inapita saa ngapi.