Nilivyokufa kwa Shilingi 244

Mimi nimeshakufa mara moja. Sikuugua wala sikugongwa na gari. Nilikufa kwa kubana matumizi, Jumamosi moja ya mfungo mosi, hapahapa Ngamiani, Tanga, na kijana alishatumwa msikitini kuulizia jeneza. Lori la katani lingechelewa kidogo tu, sijui ingekuwaje.

Kazi yangu ni ushonaji. Fundi cherehani hana mshahara, ana misimu. Januari ni sare za shule. Shaaban na Ramadhani ndiyo mavuno, kila mtu anataka kanzu na kila mtu anaitaka leo. Sikukuu ikipita, unarudi kwenye kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Hela inakuja kama masika, halafu unakaa kiangazi kirefu unaangalia mawingu. Kwa miaka yote hela ya Ramadhani ilikuwa ikitoweka kabla ya mfungo tatu, na hakuna aliyeweza kunieleza imekwenda wapi.

Mwaka huo nikasema basi. Nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula ya kazini, nikaandika bajeti ya mwaka mzima: shilingi 10,000 kwa siku, mara siku 365, jumla 3,650,000. Humo mna mchele, unga, nazi, mkaa, maji, umeme, shule, na fungu la shughuli 150,000, yaani harusi, maulidi, hitima na misiba. Fungu la dharura sikuliweka. Niliona ukiitengea dharura hela ni kama umeipelekea kadi ya mwaliko.

Mama watoto akaisoma yote, akafunga daftari, akauliza, "Na mimi nimo ukurasa wa ngapi?"

Tukaanza. Nazi tulizoea kukamua tui la kwanza na la pili. Mimi nikaanzisha la tatu, ambalo kusema kweli ni maji yaliyowahi kuiona nazi. Simu nikawa naizima, naiwasha jioni tu, ili chaji ifike siku tatu. Mlango wa mbele una kitasa, na funguo ni moja. Mama watoto alitaka tuchonge ya pili, nikamwambia watu wanaoishi pamoja kwa mapenzi hawahitaji funguo mbili. Friza lake la barafu, kizibo cha chini kilipotea. Nikaziba kwa kipande cha teteroni kilichobaki kwenye sare. Nilijiona mtu wa maana sana.

Lakini uwanja wangu hasa ulikuwa umeme. Kwa sisi watumiaji wadogo mpaka ni uniti 75 kwa mwezi. Ukikaa ndani ya mpaka, uniti moja pamoja na makato yake ilikuwa inakuja kama shilingi 122. Ukivuka, unapandishwa kundi, na uniti hiyohiyo inakuwa kama 356. Yaani elfu moja iliyokuwa inakupa uniti nane inakupa mbili na kitu, na kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Basi 75 ikawa ndiyo kibla changu. Pasi ya umeme, ambayo ikifanya kazi saa nzima inakula uniti nzima, nikaiweka juu ya kabati, nikarudi kwenye pasi ya mkaa. Binti yangu wa darasa la nne nikampa ukarani: kila asubuhi anasoma mita, ananitajia, naandika.

Lililobaki ni friza. Mama watoto hugandisha barafu za ubuyu na ukwaju kwenye vikombe, anawauzia watoto wa shule. Friza lile lilikuwa likila kama uniti 1.4 kwa siku. Nikapiga hesabu: nikishusha meni swichi saa nne usiku na kuipandisha saa kumi na moja alfajiri, barafu haziyeyuki, na mimi nimeokoa kama shilingi 49. Mkicheka chekeni, lakini 49 mara 365 ni zaidi ya 17,000, na 17,000 haiokotwi barabarani.

Sasa jirani yetu akawa anaoza binti yake. Harusi ya jirani Ngamiani si ya jirani, ni ya mtaa. Mama watoto na watoto wakahamia kule tangu Alhamisi, kupika, kupaka hina na kukesha. Mimi sikujua kwamba alasiri ile, nikiwa kibandani, jirani alileta kilo 15 za changu na tasi kutoka soko la samaki la Deep Sea, wa kupaka kwa ajili ya wageni wa upande wa bwana harusi. Mama watoto akawapanga kwenye friza juu ya vikombe vya ubuyu, na kwa kuwa ananijua, akabandika karatasi juu ya mfuniko, herufi kubwa za mkaa: USIZIME. KUNA SAMAKI WA WATU.

Nikarudi saa mbili usiku. Nyumba tupu. Taa sikuwasha, ya nini, nyumba yangu naijua kwa kupapasa. Nikapapasa mpaka kwenye meni swichi na moyo ukafurahi: hakuna mtu, hakuna wa kuangalia televisheni, kwa nini ningoje saa nne? Nikashusha. Nikatoka barazani, nikaandika kwenye kaunta buku kwa taa ya shughuli ya jirani, maana ile ilikuwa ya bure, kisha nikalala.

Ijumaa alfajiri nikajitwika furushi la sare kwenda kwa mteja wangu Muheza. Baiskeli niliiacha imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Kuaga sikuaga, wenyewe walikuwa wamelala kwa uchovu, simu ilikuwa imezimwa, na nilijua jioni nimerudi. Mama watoto alipita mara moja mchana kuchukua kanga, akakuta mlango umefungwa, akajua funguo ninayo mimi kibandani, akarudi kwenye masufuria yake.

Mteja akanilipa usiku, 190,000. Nikiwa natafuta gari la kurudi nikakutana na dereva ambaye suruali zake nazipunguza mimi. Akaniambia, "Fundi, lala hapa, alfajiri napeleka katani Tanga, utapanda bure." Bure! Neno hilo lina utamu wake. Nikalala kwenye lori, na alfajiri nikapanda juu ya marobota. Upepo ule wa asubuhi, katani laini chini ya ubavu, nauli iko mfukoni. Nikapitiwa na usingizi mpaka mjini.

Ambaye hajawahi kulala juu ya katani hajui inavyoshika. Niliteremka nina nyuzi nyeupe kwenye nywele, ndevu, kope, kanzu, mpaka masikioni. Sikuwa na kioo. Nilishangaa tu watoto wawili waliokuwa wametumwa maandazi kuliacha beseni na kuondoka.

Nafika kwetu, saa mbili na nusu, nakuta watu wamejaa mbele ya nyumba yangu. Wanaume wamesimama makundi makundi, sauti ya chini. Paka, sijapata kuona paka wengi vile. Wamejipanga barazani kama wanafunzi wa chuo wanaomngoja mwalimu. Wanawake kwa jirani wanalia, na katikati ya vilio nikaisikia sauti ninayoijua ikisema, "Nilimwambia tuchonge funguo! Nilimwambia!"

Nikasimama nyuma ya mzee mmoja wa mtaa.

"Shikamoo mzee wangu. Kafa nani?"

"Marahaba. Fundi," akajibu bila kugeuka.

"Fundi gani?"

"Huyu hapa, mkono wa birika."

"Inna lillahi!" nikasema, na naapa kilichonijia kichwani baada ya hapo ni lile fungu la shughuli, kwamba harusi na msiba wiki moja litapasuka. Ndipo nikaangalia mlango alioonyesha kwa kidevu. Ulikuwa mlango wangu.

Chini ya mlango kulikuwa kunatoka kitu chekundu, kizito, kimeteremka ngazi ya baraza mpaka mchangani, nzi juu yake. Na harufu. Harufu ile siielezi, pengine wewe unasoma huku unakula.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Alfajiri wanawake wamekuja na mabeseni kuchukua samaki, mlango umefungwa, funguo ninayo mimi. Baiskeli ipo, mwenyewe haonekani tangu Alhamisi, simu haipatikani. Halafu harufu, halafu ubuyu umeyeyuka, umepita kwenye teteroni yangu na kutafuta mlango. Ungekuwa wewe ungesemaje? Wengine walitaka wavunje, mwenyekiti wa mtaa akakataa mpaka polisi waje. Baba wa bibi harusi alikuwa ameshaanza kuulizana na wazee kama ndoa isogezwe mbele kwa heshima ya marehemu.

Yule mzee akageuka kunijibu neno, akaniona. Mweupe kutoka kichwani mpaka miguuni, macho mekundu ya usingizi, nimeshika daftari kubwa kifuani. Hakupiga kelele. Alisoma shahada taratibu, vizuri, mpaka mwisho, kisha akakimbia kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa umri wake. Wengine wakageuka kuona anakimbia nini. Kilichofuata sikukiona sawasawa kwa vumbi, ila viatu vilivyobaki pale barabarani vilikuwa vingi, na vingi vilikuwa vya mguu mmoja.

Mama watoto hakukimbia. Alikuja polepole, akaninusa, akanichomoa uzi mmoja wa katani kwenye ndevu, akauangalia. Machozi bado yako mashavuni. Akanyoosha kiganja.

"Funguo," akasema.

Akafungua. Paka walitangulia.

Watu walirudi mmojammoja, vitambaa puani, na friza likafunuliwa mbele ya hadhara. Mtu akiwa ametoka kufufuka anatakiwa aseme ukweli, lakini mimi ulimi ulinitangulia.

"Loo! Umeme ulikatika!"

"Ulikatika wapi?" jirani akauliza. "Kwangu taarabu imelia tangu Alhamisi mpaka asubuhi hii."

"Labda laini yetu peke yetu..."

Akasogezwa fundi umeme aliyekuja kufunga taa za shughuli. Akaiangalia meni swichi, akaipandisha kwa kidole kimoja. Friza likaanza kunguruma. Akajifuta kidole, akaondoka bila kusema neno, na hata hela hakudai, jambo ambalo siku nyingine lingenifurahisha.

Hapo ndipo karani wangu alipotokea. Mtoto ana adabu ya kazi yule, nyumba imejaa watu lakini saa ya kusoma mita ni saa ya kusoma mita. Akanichukulia daftari mkononi, akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, na kwa kuwa mwalimu wao huwahimiza wasome kwa sauti ili darasa zima lisikie, akasoma kwa sauti.

"Alhamisi. Nimezima mapema, saa mbili. Hawapo wote. Kesho naenda Muheza, sitawasha mpaka nirudi. Faida kubwa, Alhamdulillahi."

Kimya. Paka mmoja tu alikuwa anatafuna.

Jirani yangu ni mtu mstaarabu, hakutukana. Aliangalia saa. "Bwana fundi," akasema, "ndoa ni baada ya adhuhuri."

Nikafungua baiskeli, nikapakia beseni, nikashika njia ya Deep Sea na katani yangu kichwani. Kusi ilikuwa imeshaanza, vyombo vichache vimetoka, samaki adimu, na Jumamosi kila mtu anataka kitoweo. Kilo 12,000. Nikajaribu kuomba punguzo, mchuuzi akaniuliza, "Wewe ndiye yule maiti?" Habari ilikuwa imenipita njiani. Kilo 15, shilingi 180,000. Kwenye hela ya Muheza nikabaki na noti moja nyekundu.

Harusi ilifana, wageni wa bwana harusi walisifu samaki. Usiku wanawake wakaimba, na walipofika karibu na dirisha letu wakapunguza ngoma ili maneno yasipotee:

*Zima fundi, zima taa, zima na simu yako,*
*Pumzi zina gharama, zima na roho yako!*

Mama watoto ndiye alikuwa anaongoza.

Jumapili nikakaa barazani na kalamu. Tangu Alhamisi saa mbili mpaka Jumamosi asubuhi, friza lilikuwa limeokoa uniti 2, yaani shilingi 244. Kwa shilingi 49 za kila usiku, 180,000 zingerudi baada ya kama miaka 10. Niliirudia hesabu mara mbili, nikidhani nimekosea mahali. Karani wangu alikuwa pembeni, ameshafungua ukurasa mpya.

"Baba, hii niandike wapi? Kwenye umeme au kwenye kitoweo?"

Nikafikiri. "Andika shughuli."

Akapekua nyuma, akafuatisha mistari kwa kidole, akanitazama kwa huruma.

"Shughuli imejaa, baba. Na mama kasema arobaini ya marehemu tutaifanya hapahapa nyumbani."