Herufi Nane za Nyuma ya Kifodi

Kuna kifodi (daladala ndogo) cha Ngaramtoni ambacho kwa karibu mwaka mzima kilikuwa na maneno mawili tu kwenye kioo cha nyuma: HATA SASA. Nimekipanda mara nyingi kwenda mjini Arusha, na kila mara nilikuwa na tafsiri yangu kichwani. Niliamini ni kijembe. Hata sasa mnasema? Hata sasa hamjachoka? Wenzangu nao waliamini hivyo. Siku moja pale Sakina mama mmoja mwenye ndoo ya maparachichi aliyasoma kwa sauti kabla hajapanda, akasema, "Huyu ana watu wake anaowasema."

Dereva ndiye mwenye gari. Siku foleni ilipotukamata nikiwa kiti cha mbele, nilimuuliza. Akanieleza kwamba gari liliua injini, akakopa kwenye saccos, akawa anarejesha kidogo kidogo mpaka deni likaisha. Siku aliyomaliza alikwenda kwa fundi wa stika Ngarenaro, akataka aandikiwe maneno ya nabii Samweli wa kwenye Biblia aliposimamisha lile jiwe na kuliita Ebenezeri: "Hata sasa Bwana ametusaidia." Fundi analipisha kwa herufi. Maneno yote yana herufi 24. Pesa aliyobaki nayo mfukoni ilitosha 8. Akamwambia fundi abandike hizo kwanza, nyingine angezirudia. Ikaja ada ya mtoto, ikaja bima ya gari, hakuzirudia. Na katika muda huo, mtu aliyewahi kushirikiana naye kwenye gari la zamani, wanaokaa mtaa mmoja, aliacha kumsalimia. Alishajiridhisha kwamba anasemwa yeye.

Shukrani ya mtu ilisomwa kuwa tusi kwa sababu ya herufi 16 zilizokosa kulipiwa. Tangu siku ile sijaacha kulifikiria jambo hili, kwa sababu sote tunajitambulisha kwa maneno waliyoyasema wengine kabla yetu. Tunayaweka kwenye status ya WhatsApp, kwenye tenki la bodaboda, juu ya fremu ya duka, kwenye pindo la kanga, na mwisho kabisa kaburini. Wanaopita wanayasoma na wanatupima kwayo. Je, wanatupima kwa haki?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito, na nitaanza nao. Misemo ni mingi kuliko nywele. Mtu akiipita yote akasimama kwenye mmoja, amesimamishwa na kitu kilichomo ndani yake. Mfanyabiashara mmoja ninayemfahamu, ana duka la vyakula karibu na soko la Kilombero, alikuwa anatafuta msichana wa kuuza. Akaletewa namba. Kabla ya kupiga, akafungua status ya yule binti, akakuta: "Sina muda na watu." Hakupiga. Aliponisimulia alisema, "Ndugu yangu, duka ni watu." Nilikosa la kumjibu. Wapo pia wanaotumwa kuchunguza mchumba, ambao siku hizi huanzia kwenye simu kabla ya kufika kwa majirani.

Na kanga imetufundisha haya zamani, tangu enzi majina yake yalipokuwa yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu huko pwani. Nenda soko la Mbuyuni, Moshi, umtazame mama anayenunua. Rangi anaiona kwa mbali, lakini mkono unakwenda kwenye jina. Muuzaji mzoefu anaikunjua kanga upande wa maandishi, anaushikilia ukingo kwa vidole viwili, anangoja. Mama anasoma kimya, midomo ikicheza kidogo. Akisoma "Wema hauozi" anaweza kuinunua ampelekee mama mkwe. Akisoma "Usisafirie nyota ya mwenzio," hata kama ua lake ni zuri namna gani, hiyo haiwezi kuvuka kizingiti cha mama mkwe. Na akiamua kuivaa yeye, asubuhi ya siku anayojua atakutana bombani na jirani waliyekosana naye, hawezi kuja kusema mbele ya wazee kwamba alivaa kanga tu. Alisema. Wote waliokuwepo bombani walimsikia ingawa hakufungua mdomo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba maneno ya kuazima hayana mwenyewe. Anayeyaazima ili yamchome mtu amekwisha kuyamiliki.

Lakini yule binti wa status namfahamu pia. Ni wa mtaani kwetu. Aliandika vile wiki aliyoacha kazi mahali ambapo walimkalia mshahara wa miezi miwili, na shoga yake wa karibu akawa upande wa bosi. Alikuwa anajiambia mwenyewe asiendelee kulia. Ukimwona kanisani akiwapangia watoto viti shule ya Jumapili, ukimwona anavyomsindikiza bibi yake kliniki, utajua ana muda na watu kuliko wengi wetu. Maneno manne yalisema jeraha lake, na yule mfanyabiashara akayachukua kuwa ndiyo tabia yake.

Hapa ndipo ninapoona wengi tunakosea. Mara nyingi mtu huchagua msemo wa kile alichopungukiwa. Kijana wa bodaboda mwenye "Japo sipati tamaa sikati" kwenye tenki lake alishaikata tamaa mara moja, tena nusura asirudi barabarani. Anayeweka "Amani ya moyo kwanza," huenda nyumbani kwake hakukaliki. Ukiingia chumbani kwa mtu ukaikuta dawa ya kifua kando ya kitanda, umejua kinachomsumbua. Hujamjua yeye bado. Msemo mwingi tunaouona umewekwa pale kama dawa, na anayepaswa kuunywa ni yule aliyeuweka.

Yapo malalamiko mengine, hasa ya wachungaji na walimu wa dini, kwamba watu wanakata maneno na kuyapindisha maana. Mfano wao mkubwa ni Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Ukitembea Arusha utaukuta mstari huo kwenye mlango wa gereji, kwenye fulana ya mazoezi, kwenye kifodi kinachopita gari jingine kwenye kona. Wote wanausoma kuwa ni mstari wa ushindi. Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na mstari unaoutangulia unasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mambo anayoyaweza, kwa hiyo, ni pamoja na kulala njaa bila kumwacha Mungu. Na kwetu Moshi kuna Zaburi ya 121. Asubuhi mawingu yakifunguka na Kibo ikaonekana nyeupe juu ya Kiboriloni, nusu ya watu ninaowafahamu hupiga picha na kuandika, "Nitayainua macho yangu niitazame milima." Wanaishia hapo. Kumbe kinachofuata ni swali, "Msaada wangu utatoka wapi?" na jibu lake ni kwa Bwana, aliyezifanya mbingu na nchi. Anayeishia kwenye milima ameacha swali likiwa bado halijaulizwa.

Zamani hili lilinikera sana. Leo linanikera nusu. Nakubaliana na wachungaji kwamba mtu akishausimika mstari juu ya biashara yake anapaswa kuusoma na jirani zake wa juu na chini, maana wateja watamdai kwa mstari huo. Lakini dereva wa Ngaramtoni naye alikata, na alichokatia ni kukosa hela. Aliyoyabeba moyoni yalikuwa kamili. Nani anajua aliyeandika milima tu ameyabeba mangapi?

Kitu kimoja najua kinautenganisha msemo uliovaliwa tu na msemo ambao mtu ameuishi, nacho ni gharama. Chukua maneno makubwa kuliko yote yaliyowahi kuchaguliwa kuusemea mlima wetu. Mwaka 1959, Oktoba 22, Julius Nyerere alisimama kwenye Baraza la Kutunga Sheria akasema tunataka kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka yetu, ulete matumaini pasipo matumaini, upendo palipo na chuki na heshima palipojaa dharau. Siku ile nchi ilikuwa bado haijajitawala. Yalikuwa maneno ya kutamani, ya watu waliokuwa wamedharauliwa, na aliyewapima Watanganyika kwa hali yao ya mwaka ule angesema hawajafika huko. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliubeba mwenge huo mpaka kileleni, mita 5,895, kwenye baridi inayogandisha maji ya kunywa. Maneno yakawa ya nchi kweli, kwa sababu kuna mtu alipanda nayo. Leo mnara wa Mwenge umesimama katikati ya Arusha, karibu na jengo lilipopitishwa Azimio la Arusha mwaka 1967, na kila anayepita pale anaweza kuiuliza nchi: ile heshima palipojaa dharau, tumefika nayo wapi? Hilo ni swali la haki. Kuuliza "umefika wapi na maneno haya" ni tofauti na kusema "wewe si mtu wa maneno haya."

Nimelichelewesha la nyumbani kwa sababu ndilo zito kwangu.

Baba yetu amezikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, Machame, chini ya migomba, kama wazee wake. Tulipokuwa tunajengea kaburi vigae, tulikaa ndugu wote sebuleni na mama, tukaulizana tuandike nini. Dada yetu mkubwa alikuja na mstari tayari, 2 Timotheo 4:7: "Nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, imani nimeilinda." Ni mstari mzuri, na upo kwenye makaburi mengi ya usharika wetu. Kaka alikataa. Alisema baba hakuwahi kuutamka mstari ule hata siku moja. Baba alikuwa na maneno yake mawili: "Maji hayasubiri." Aliyasema kila alfajiri ya zamu yetu ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, akitugongea dirisha kwa mpini wa jembe, kwa sababu ukichelewa kufungua, mwenye zamu inayofuata anayahamishia maji kwake na kahawa yako inakauka mpaka mzunguko urudi. Aliyasema pia tuliposita kusoma, tuliposita kuoa, na hospitalini aliposikia mjukuu anaahirisha kuja kumwona. Hayo, kaka alisema, ndiyo baba.

Dada alijibu kwa utulivu. Alisema baba aliyasema maneno yake kwa watoto wake, na kaburi litasomwa na wageni. Mgeni akisoma "Maji hayasubiri" atadhani alikufa maji. Tukacheka, halafu tukanyamaza, maana alikuwa sahihi. Kaka akauliza kama tunamwandikia baba au tunawaandikia wageni. Naye alikuwa sahihi. Mama hakusema kitu. Alitoka nje akaenda kung'olea majani kwenye isale lililopandwa upande wa kichwa, mmea ambao wazee wetu waliusoma vizuri kabla hatujawa na herufi yoyote ya kuchonga. Ukimletea mtu jani lake kuomba msamaha, alikuelewa.

Mstari wa dada ndio uliowekwa. Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa kaka, nikiona tumemvalisha baba koti la mtu mwingine. Sasa naona kwamba mstari ule ulikuwa wa dada. Yeye ndiye aliyemuuguza miezi sita, akamwona anapigana, na alihitaji kuamini kwamba mwendo ule ulikuwa na mwisho mwema. Alichagua maneno ya kumponya yeye, akayaandika kwenye jiwe la baba. Simlaumu. Ila aliyelala pale hakuulizwa, na hapo ndipo ninapoweka mpaka. Mtu mzima akijichagulia msemo, hata akiukata, hata akiwa hajaufikia, ni wake, na wajibu wetu ni kumuuliza kabla ya kumhukumu. Tukimchagulia mtu asiyeweza kutujibu, tuna deni la kutafuta kwanza aliyoyasema yeye.

Dereva wa Ngaramtoni sikumwambia amalizie herufi zake. Nilimwomba tu aende kwa yule jirani yake amweleze, kama alivyonieleza mimi. Alikwenda. Hawajawa marafiki, lakini salamu imerudi.

Desemba hii tukipanda nyumbani kwa sikukuu, kaka na mimi tunataka kuongeza kigae kidogo chini ya mstari wa Timotheo. Nimeshapita kwa fundi wa Ngarenaro, anafahamiana na mchongaji wa mawe. Amenihesabia MAJI HAYASUBIRI, herufi 14. Dada bado hajakubali, na bila yeye hatutakibandika.