Msimamizi si mrithi: wakili aingie lini kwenye mirathi?

Matanga yakishaanuliwa, swali la kwanza kwenye kikao cha ukoo huwa ni nani asimamie mirathi. La pili, kama marehemu ameacha nyumba mjini au pesa benki, ni kama atafutwe wakili. Hapo ndugu hugawanyika. Wapo wanaoona wakili ni gharama ya bure na mchochezi wa ugomvi. Wapo wanaoona kwenda mahakamani bila wakili ni kujipeleka shimoni.

Wanaomkataa wana hoja nzito, na haifai kuwabeza. Hapa Tanzania Bara mirathi nyingi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, kwa kujaza fomu ya maombi, Fomu Na. 1, kuambatisha cheti cha kifo na kupeleka wadhamini. Mahakama nyingi hutaka pia muhtasari wa kikao cha ukoo, ingawa sheria yenyewe haikuuandika kuwa sharti. Tangazo linatolewa, asiye na pingamizi ananyamaza, hakimu anatoa Fomu Na. 4, ile ya kumteua msimamizi. Kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa hata kusimama katika mahakama hizo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyomfungulia mlango, tena pale tu panapoongozwa na hakimu mkazi. Familia zilivuka bila yeye. Na kwa familia ya Kiislamu inayoelewana, sheikh wa mtaa huweza kupanga mafungu kwa muda mfupi: mke thumni, yaani moja ya nane, akiwepo mtoto, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike.

Tena ni kweli kwamba barua ya wakili ikitangulia kikao, kikao hakikaliki. Aliyekuja kuzungumza na kaka yake hujikuta anamjibu mtu asiyemjua.

Lakini kuna mtego ambao mzee wa ukoo hana namna ya kuuona, nao ni mamlaka ya mahakama. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayoongozwa na sheria ya kimila au ya Kiislamu. Marehemu akiwa Mkristo aliyefunga ndoa kanisani, akaishi mjini na kuacha nyuma mila za kwao, mirathi yake yaweza kuhesabiwa kuwa si ya kimila, na njia ikawa Mahakama Kuu, au mahakama ya wilaya kwa mirathi midogo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Mahakama huangalia namna alivyoishi. Jina au kabila peke yake halitoshi. Familia ikikosea mlango, kila kitu huenda sawa mpaka siku mmoja anapokata rufaa. Hapo mwenendo mzima unafutwa, na huenda kiwanja kimeshauzwa na mnunuzi ameshajenga. Saa moja ya ushauri kabla ya kufungua jalada ingeokoa miaka. Katika hili siyumbi: ushauri huo ulipiwe, hata kwa kuchangishana.

Baada ya hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Wote hubishana juu ya kumpata msimamizi, ilhali maumivu makubwa huja akishapatikana. Nimeshuhudia baba mdogo akiitembeza Fomu Na. 4 kama hati ya nyumba. Alipokea kodi za wapangaji, akasema yeye ndiye aliyeteuliwa na mahakama, na watoto wa marehemu wakawa wanamwomba ada ya shule kama sadaka. Hakuna aliyewaambia kwamba usimamizi ni kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kilichobaki na kutoa hesabu. Kwa utaratibu wa Mahakama ya Mwanzo, orodha ya mali, ile Fomu Na. 5, hutakiwa ndani ya miezi 4 tangu uteuzi, na hesabu ya mgawanyo hufuata kwenye Fomu Na. 6. Mahakama Kuu hutoa miezi 6 kwa orodha na mwaka 1 kwa hesabu. Wasimamizi wangapi huonekana siku ya kuapa, wasionekane tena?

Wakili angesaidia hapo, ila tuulize ni wakili wa nani. Akiitwa na msimamizi, humsikiliza msimamizi, na ujira wake mara nyingi hutoka kwenye mali ile ile ya marehemu. Mjane aliyeketi pembeni huamini kuna mwanasheria wa familia. Hayupo. Na mjane ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 halimhesabu kuwa mrithi pale marehemu alipoacha watoto au ndugu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayopinga ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki wajane wawili wa Tanzania waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume, lakini jibu la kamati hiyo kutoka Geneva haliwahi kufika kabla kufuli halijabadilishwa. Mjane anahitaji mtu wake mwenyewe, wa kudai jasho lake ndani ya nyumba litengwe kwanza, ndipo cha marehemu kihesabiwe.

Asiye na fedha ana pa kuanzia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023 imewaleta wanasheria hadi wilayani. Msaidizi wa kisheria hawezi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini anaweza kumwandikia mrithi barua ya kumwomba hakimu amwite msimamizi alete hesabu, na msimamizi asiyetimiza wajibu wake huweza kutenguliwa. Barua hiyo haihitaji muhtasari wa kikao cha ukoo wala ruhusa ya baba mdogo. Inahitaji namba ya jalada, nayo imeandikwa juu ya ile Fomu Na. 4 anayoitembeza.