Stika ya 58cc haikati mti

Kila masika yakikaribia napigiwa simu na mtu ambaye hajanisalimia mwaka mzima, "kaka nataka chensoo ya mafuta, ya bei poa tu, nikate miti hapa nyumbani, nichukue ipi?" Mimi namuuliza kwanza, hapo ulipo fundi wa chensoo yupo? Anaona kama namzungusha, anataka nimtajie mashine na bei basi akate simu. Sasa leo naandika, mwingine akipiga namtumia hii.

Mimi nakaa Makambako, huku Njombe, na anayepajua anaujua upepo wa huku. Nyuma ya nyumba nilikuta milingoti (mikaratusi) kama kumi na mbili, mipaini michache na mgrevilea mmoja umeegemea upande wa jiko, ukipigwa na upepo usiku unasikia tawi linakwaruza bati na usingizi unaisha. Kupata mtu wa kukata mti huku si shida, mji wenyewe unanuka mbao, ila kijana wa chensoo aliyezoea kwenda porini kuangusha miti mia mbili ukimwita aje akukatie tawi moja na kuni za mwezi anakuja siku anayojisikia, na hela anayotaka unabaki unamwangalia tu. Ndo nikaamua ninunue yangu.

Nikaenda kununua cc, yani ukubwa wa injini. Nilikuwa nimeshuka Dar kwa mambo mengine nikapita Kariakoo, mashine zimepangwa mpaka barazani, za chungwa, nyekundu, za kijani, hii imeandikwa 45, ile 52, ile 58, nyingine 62 kabisa, na kutoka moja kwenda nyingine tofauti ni elfu ishirini ishirini. Sasa akili ya mtu inakuambiaje hapo, si unachukua 58? Nikabeba 58 ya Mchina yenye baa (lile bapa la chuma cheni inalolizunguka) ya inchi 20 kwa laki tatu na nusu, nikapanda nayo basi, njia nzima naiwaza milingoti yangu.

Miezi minne ikanoki. Na nisimsingizie Mchina, aliyeiua ni sisi wenyewe. Kijana wa kaka yangu alikuja likizo akaona kidumu cha petroli ya pikipiki kipo stoo, akajaza, akawasha, akakata magogo mawili vizuri tu, la tatu mashine ikalia sauti nyembamba ikazima, kamba haivutiki. Maana hizi injini hazina sehemu ya kuweka oili kama pikipiki yako, oili yake inaingia pamoja na petroli, ukiweka petroli kavu pistoni inasuguana na silinda chuma kwa chuma. Fundi alivyofungua pistoni ilikuwa imechanika upande mmoja kama imepitishwa kwenye kokoto. Akachukua kaliper akapima upana wa pistoni, ikasoma milimita 45 na pointi kidogo, akacheka, akasema bosi pistoni ya upana huu ni ya cc 52, kama ile ya jirani yako, wameongeza stika tu.

Elfu ishirini ya stika, aisee.

Ila pale pale kwenye benchi ndo nilijifunza kitu kilichonifanya nisizitukane tena hizi za Mchina. Fundi alitoa kwenye droo pistoni na silinda ya mashine ya kampuni nyingine kabisa, rangi nyingine kabisa, ikaingia kwenye yangu bila kupigwa tupa. Hizi 45, 52 na 58 nyingi ramani yake ni moja, zinatofautiana kava na jina, kwa hiyo kabureta, klachi, koili, kamba ya kuwashia, vyote vinaazimana, na spea zake unazikuta hata duka linalouza minyororo ya baiskeli. Jioni ile ile nilirudi na mashine inawaka. Sasa nambie, ungekuwa na mashine nzuri ya Ulaya ambayo spea yake inaagizwa wiki tatu na mvua hiyo imeanza, ipi rahisi hapo?

Kwa hiyo hoja yangu ndo hiyo, chensoo ya bei nafuu ni ile inayoweza kunolewa na kufufuliwa hapo hapo ulipo. Bei ya dukani ni malipo ya awamu ya kwanza tu.

Kuna kopi na kuna feki lakini. Kopi inayojiita jina lake mwenyewe sina ugomvi nayo. Shida ni ile iliyobandikwa jina la Stihl, kampuni ya Ujerumani, chungwa na nyeupe safi kabisa, inauzwa nusu ya bei tena na mtu anayetembea nayo begani. Stihl wanauza kupitia mawakala wao, namba ya mashine imegongwa kwenye bodi sio kubandikwa, na wakala anakuwashia mbele yako na kukuonyesha. Ukikuta Stihl 070, ile kubwa kabisa, mpya inang'aa kwa bei ya mashine ndogo, usijiulize mara mbili, pita.

Na hiyo 070 yenyewe hata ikiwa ya ukweli ya nini nyumbani? Ni cc 105, inapita kilo kumi kabla hujaweka baa wala cheni, ni ya watu wanaopasua mbao porini, wale mabega yao yameshakuwa ya mashine. Mtu wa nyumbani akiishika robo saa mikono inaanza kutetemeka, na mikono ikitetemeka na mashine inawaka, unajua mwenyewe.

Wenzangu wengi wanatishwa na neno "ndogo". MS 170 ya Stihl ni cc 30 tu, kama kilo nne hivi, baa ya inchi 12 mpaka 14. Inchi 14 ni sentimita 35. Nenda nyuma ya nyumba yako na futi kamba pima miti yako, sio ule mkubwa uliopandwa na babu, hiyo mingine yote. Yangu mingi ilikuwa haifiki sentimita 30. Na mti ukizidi kidogo urefu wa baa unaukata upande huu unahamia upande ule, mafundi wanafanya hivo kila siku. Ukitaka ya kuangusha mlingoti wa maana bila kuisikilizia, MS 250 ya cc 45 ni ya kati, nayo ni kama kilo nne na nusu, lakini hapo hela inaanza kuwa ya kukaa na mama watoto mjadili. Mimi ile ya Mchina ninayo mpaka leo, nilichofanya ni kutoa baa ya 20 nikaweka ya 16, ikawa kama mashine nyingine, nyepesi mbele, haihangaiki.

Sasa cheni. Hapa ndo ningekuwa na uwezo ningemshika kila mnunuzi masikio. Kinachokata mti ni cheni, injini inaizungusha tu. Cheni kali kwenye cc 30 inatoa vipande, kama punje za ulezi na kubwa zaidi ya hapo, mashine inajivuta yenyewe ndani ya mti wewe umeishika tu. Cheni butu kwenye cc 58 inatoa vumbi kama unga, moshi unatoka kwenye mti, wewe unakandamiza, baa inapata moto, oili inakauka, na baadae mtu anasema mashine ya Mchina haina nguvu. Nimeona mtu ameuza mashine yake kwa hasara kwa sababu ya cheni tu, aliyeinunua akainoa dakika kumi mbele yake. Sijui alilala vipi siku hiyo.

Kunoa si uchawi. Unahitaji tupa ya duara ya saizi inayofuata cheni yako, cheni nyembamba za mashine ndogo kama 170 zinatumia ya milimita 4, hizi za Mchina zenye cheni ya .325 (hiyo ndo pichi, nafasi ya viungo vya cheni kwa inchi) zinatumia 4.8. Unafuata ule mstari uliochorwa juu ya jino, kama digrii 30 hivi, unasukuma kwenda mbele tu usirudishe, kila jino idadi sawa ya misukumo, la kushoto yote kwanza halafu unageuka la kulia. Ukinoa upande mmoja zaidi mashine inakata kona, gogo linatoka kama ndizi. Na mbele ya kila jino kuna kale kanundu, kenyewe kanaamua jino lizame kiasi gani, ukinoa mara nyingi jino linashuka kanundu kanabaki juu, cheni ni kali ukigusa kwa kidole lakini haikati. Unakapunguza na tupa bapa kidogo sana, kawe chini ya jino kwa robo tatu ya milimita au pungufu ya hapo. Ukikashusha sana mashine inaanza kurusha, hapo umejitengenezea balaa. Mimi nanoa kila nikijaza tenki mara mbili, na ikigusa mchanga hata mara moja nanoa hapo hapo.

Ukienda kununua cheni nyingine usimwambie muuzaji "ya inchi 20". Soma kwenye baa karibu na mwisho wake, zimegongwa namba, pichi, upana wa mfereji, na ukiweza hesabu meno ya chini yanayopita kwenye mfereji. Ile yangu ya zamani ilikuwa .325, .058, meno 76. Nikiwa nazo hizo tatu hakuna aliyeniuzia cheni isiyoingia.

Mafuta nitapita haraka maana nimeshakuambia yaliyonikuta. Oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, sio oili ya gari. Ukiwa na oili nzuri na mashine kama Stihl ni 50 kwa 1, yani mililita 20 kwa lita ya petroli. Hizi za Mchina kitabu chake nyingi kinasema 25 kwa 1, ambayo ni mililita 40, fuata kitabu, moshi kidogo haujawahi kuua mashine. Watu wanakadiria kwa kifuniko, mimi nilinunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, linakaa kwenye kidumu. Kidumu chenyewe nimekiandika kwa rangi nyekundu CHENSOO, baada ya yule kijana. Usichanganye lita tano kama unakata mara moja kwa mwezi, mchanganyiko ukikaa sana unaharibika, na ukimaliza kazi ya msimu mwaga tenki, washa mpaka izime yenyewe, la sivyo vile vipira vya kwenye kabureta vinakakamaa. Oili ya cheni watu wanaweka oili chafu ya gari, na mimi niliweka mwanzoni, ila ina vumbi la chuma linakula pampu, na inarukia mikono na nguo wakati ile si kitu cha kukaa nacho kwenye ngozi. Sasa naweka oili safi ya bei ya chini.

Dukani dai iwashwe ikiwa ya baridi, sio ile aliyoiwasha kwa mteja aliyetangulia. Ikiwa imetulia, hujagusa mafuta, cheni isizunguke. Sukuma breki ya mbele iende mbele, bonyeza mafuta kidogo, cheni ibaki imesimama. Halafu elekeza ncha ya baa kwenye boksi, pandisha mafuta kidogo, baada ya muda uone mstari wa oili umechora kwenye boksi, usipouona pampu haileti. Muuzaji akikataa kuwasha rudisha hela yako mfukoni, mbona kwenye simu tunapiga mpaka picha kabla ya kulipa.

Hela uliyookoa kwa kuchukua ndogo usiimalize kwenye bia. Buti, miwani, kitu cha masikioni maana hiyo kelele inapita desibeli 100, na suruali yenye nyuzi za kukwamisha cheni kama utaipata. Jirani yangu anavaa helmeti ya bodaboda na kioo chake, watoto wanamcheka, mimi simcheki hata kidogo, nimeona wanaokata na ndala. Ile ncha ya juu ya baa ndo adui, ikigusa tawi la pili usiloliona mashine inaruka kurudi usoni kwako kabla hujafikiria, kwa hiyo usikate juu ya bega na usipande nayo ngazi, tawi la juu kata kwa msumeno wa mkono au mwite anayepanda kwa kamba. Na kabla ya kuangusha hata wa kwako pita kwa mtendaji na afisa misitu uulize utaratibu wa hapo, na kama unataka magogo yasafiri barabarani bila TP, kile kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, sina la kukusaidia.

Mgrevilea wa jikoni niliushusha mwezi wa nane, vipande vipande, tumekula kuni zake mpaka Krismasi. Milingoti imebaki mitatu. Mmoja upo mita mbili kutoka kwenye waya wa umeme, huo sijaugusa na sitaugusa, nimetoa taarifa TANESCO, nasubiri.