Mzazi anapokataa mtoto kuongezewa damu

Kwenye vitabu vya sheria, dini si kinga. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 kinampa mtoto haki ya matibabu pamoja na chanjo, na kinakataza kumnyima matibabu kwa sababu ya imani. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Upenyo ambao jimbo la Idaho, Marekani, limewaachia wazazi wanaotegemea maombi peke yake, kwetu haupo.

Ugumu uko wodini. Mtoto wa kilo 10 anafikishwa hospitali mjini Moshi na malaria kali, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) gramu 3.5 kwa desilita. Ikishuka chini ya 4, Shirika la Afya Duniani linaelekeza aongezewe damu, kwa kawaida mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo. Huyu atahitaji 200. Wazazi wakiwa Mashahidi wa Yehova watakataa damu, ila sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, na oksijeni watakubali, basi hivyo vianze mara moja. Kosa hutokea pale mzazi anaposainishwa fomu ya kukataa, kisha mtoto akaruhusiwa kurudi nyumbani. Sahihi hiyo ina maana kwa mtu mzima anayejikatalia mwenyewe. Haiondoi haki ya mtoto. Asiruhusiwe. Faili lioneshe kiwango cha damu na saa ya kukataa, afisa ustawi wa jamii aitwe usiku uleule, na maabara ilinganishe damu ya mtoto na ya kuongezewa huku mazungumzo yakiendelea.

Wanaotetea wazazi wana hoja nzito. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, na wazazi hawa hawamchukii mtoto wao. Wanahofia jambo wanaloliona baya kuliko kifo. Tena, familia ikishaona polisi wodini, mtoto wa pili akiugua atafichwa nyumbani. Kwa sababu hiyo siungi mkono kukimbilia kesi ya jinai. Chanjo ya surua, ya miezi 9 na 18, inaacha nafasi ya kukaa na mchungaji, shehe au bibi wa mtoto. Hemoglobini 3.5 haiachi.

Mtu mzima aliyekwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu wa Loliondo kwa shilingi 500 aliamua juu ya mwili wake. Mtoto aliyebebwa mgongoni hakuamua chochote.

Faini na kifungo huja mtoto akiwa ameshazikwa. Hospitali za Arusha na Moshi zinahitaji zaidi orodha ya zamu: hakimu wa kutoa amri na afisa ustawi wanaopokea simu usiku na Jumapili, namba zao zikiwa zimebandikwa wodi ya watoto.