Idd hii tupige picha mtoto, tusipige gauni

Mimi ndo shangazi wa simu. Kila ukoo unaye mmoja, yule ambaye sikukuu ikifika anaambiwa "shangazi njoo utupige" na yeye mwenyewe kwenye picha haonekani mwaka mzima. Nimefanya kazi hii kwa mama kule Tanga Idd kama 8 hivi, nimeharibu picha nyingi sana, kwa hiyo naongea kama mkosaji mzoefu.

Tatizo letu kubwa hata sio simu. Tunapiga nguo. Watoto wanatoka kuogeshwa, wamepakwa Vaseline mpaka wanang'aa kama sahani, gauni la shifoni, kanzu mpya, kofia, wanapangwa ukutani kwa urefu, "simama vizuri, mikono chini, haya cheka", mdogo wa miaka 3 analia kiatu kinambana, na mtu mzima amesimama wima mita 3 kutoka pale anapiga kwa juu. Unapata vichwa vikubwa, miguu mifupi, na nyuso za watu wanaosubiri sindano kliniki. Lakini gauni limeonekana lote! Stetasi imeenda!

Nadhani tumerithi huu usimama-wima kutoka studio. Zamani picha ilikuwa pesa, filamu nzima picha 36 tu, watu walijiandaa wakaenda studio, kama ile Capital Art Studio ya Unguja aliyofungua Ranchhod Oza mwaka 1930, ukitikisika umeharibu hela ya watu. Sawa, kipindi kile ilikuwa na maana. Sasa hivi una simu ya kupiga picha 200 bure, mtoto wa miaka 3 unamkazia asitikisike kwa sababu gani?

Kitu kilichonibadilisha mimi ni magoti. Siku moja nilikaa chini jikoni nje kwa sababu nimechoka tu, mtoto akaja na kitumbua, nikapiga nikiwa palepale mkekani, macho yake na lenzi usawa mmoja. Nilipoiangalia nikashangaa, kumbe ana sura hii! Tangu siku hiyo sipigi mtoto nikiwa nimesimama, nafunga kanga vizuri nakaa chini, goti linauma lakini ndo hivyo.

Halafu mwanga. Sebule zetu nyingi zina pazia zito, giza, tunawasha flashi, na flashi ikikutana na ile Vaseline paji la uso linakuwa kama tochi na nyuma kote kweusi. Zima flashi. Mpeleke mtoto karibu na mlango ulio wazi, awe ndani kidogo ya kizingiti anaangalia nje, wewe simama upande wa mwanga, yaani mwanga utoke kwako uende kwake. Ukimweka yeye mgongo kwa mlango unapata kivuli chenye kofia. Na mchana saa 6 usimtoe uani, jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo na mtoto anakunja uso, ngojea saa 11 jioni jua limelala utaona rangi zilivyo.

Kanzu nyeupe nayo ina visa vyake. Simu ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, kanzu inatoka safi na uso wa mtoto unatoka mweusi tii hauoni hata pua. Hapo gusa uso wake kwenye skrini, simu nyingi zinaleta alama ya jua, ivute juu kidogo. Watu hukimbilia filta ya kumng'arisha mtoto mpaka anakuwa rangi ya maziwa ya unga, jamani, huyo ni mtoto wa nani sasa? Kamera zenyewe zilianza kwa kutusahau, Kodak walikuwa wanapimia rangi za picha kwa kadi ya mwanamke mzungu waliyemwita Shirley, leo simu angalau zinajitahidi halafu sisi wenyewe tunawafuta weusi wao kwa mikono yetu.

Ah na futa lenzi. Vidole vya pilau, mafuta ya kaimati, mtoto ameichezea simu, halafu unalalamika picha ina ukungu. Ncha ya kanga, sekunde 2.

Muda wa kupiga pia tunakosea, tunapiga wakitoka kuvaa tu basi simu inarudi mfukoni, wakati uhondo wote uko kabla na baada. Usiku wa kuamkia Idd wanasinzia na hina mkononi hawataki kugusa kitu, asubuhi wanahesabu sikukuu waliyopewa na babu, wanagombania firigisi. Usiwaite, usiseme "angalia huku", bonyeza mfululizo halafu ukae ufute 40 ubaki na 1. Na ukimtumia ndugu wa mbali kwa WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo inabanwa inafika imechoka.

Idd iliyopita mama akataka picha moja ya kusafisha aweke ukutani. Nilimpelekea zile za kupangwa, wajukuu wote 5 wamenyooka, akazipita. Akachagua ya yule mdogo kalala mkekani mdomo wazi, kiatu kimoja, ngumi imebana sarafu ya 500. Gauni alishavuliwa zamani, yuko na singlendi.