Kadi Mpya, Doa Puani

Jamani wa Dodoma, ni mimi tu? Kitambulisho kipya cha kazini kimetoka, na kwenye picha yangu puani nina doa jeupe. Vumbi letu mnalijua: likitua kwenye plastiki kabla ya kuchapa, rangi haishiki pale. Sasa kufuta kadi kabla ya kuiingiza kwenye printa nako kunataka mhandisi?

Tuje mlangoni, maana kadi hiyohiyo ndiyo inayofungua mlango. Kadi hizi hazina betri. Ndani kuna chipu na waya mwembamba uliozungushwa, na umeme wake unatoka kwenye kisomeo chenyewe, kile kidude cha ukutani kinachoisoma kadi. Unaisogeza karibu, basi! Lakini asubuhi watu wanaisugua ukutani kama wanakuna nazi, foleni imefika kwa mama chapati. Na yule aliyetoboa yake kwa msumari apitishe kamba, akaukata waya, sasa anautukana mlango. Mlango umekukosea nini, kaka?

Umeme ukikatika ndiyo kabisa. Teknolojia yote ile, mlinzi anatoa daftari. Daftari! Jina, saa, sahihi. Na kalamu, iliyofungwa kwa uzi isiibwe, haina wino.